Je, Neno Likisemwa Limekwisha Kufika?



Kusema ni kazi ambayo watu wote hudhani wameijua tangu utoto. Mtu akitaka kuwa seremala hujifunza kwanza kushika randa. Akitaka kushona nguo hukaa siku nyingi karibu na fundi. Lakini akitaka kumwambia mwenzake neno, hufumbua kinywa tu, na akiisha kusema hujiona amemaliza kazi. Wazee wanaosuluhisha magomvi ya nyumbani na ya mipaka ya mashamba wajua ya kuwa mengi ya magomvi hayo hayana mwovu ndani yake. Neno lilisemwa hivi, likasikiwa vingine, na kila mmoja akaenda zake akiwa na hakika. Basi mwezi huu twataka kuuliza swali moja na kuliangalia pande zote: neno lisipofika kama lilivyokusudiwa, lawama ni ya nani? Ni ya yule aliyesema, au ya yule aliyesikia?

Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, ijapokuwa si jambo la kujisifia.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa vijana bado, tulikuwa tukisafiri kwenda mjini. Mzee mmoja, jirani yetu, alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba yake, naye amejifunika blanketi ingawa ilikuwa adhuhuri. Tukamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, ukimwona kijana wangu huko mjini, mwambie aje nyumbani." Tukajibu, "Haya, Baba," tukaenda zetu, maana gari lilikuwa karibu kuondoka. Mjini tulimkuta kijana wake kazini, tukamwambia, "Baba yako anakuita." Akauliza, "Kuna nini?" Tukasema, "Hakutuambia." Basi kijana huyu alikuwa amekosana na baba yake kwa ajili ya shamba, na aliposikia kwamba ameitwa alidhani anaitwa mbele ya wazee ahukumiwe. Akasema, "Mwambie nitakuja mwisho wa mwezi." Tukalirudisha neno hilo kwa mzee. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya."

Mwisho wa mwezi haukumkuta. Alikuwa mgonjwa siku zile zote, na mkewe alitueleza baadaye kwamba alitaka kupatana na mwanawe kabla hajafa. Siku ya maziko yule kijana alitushika mkono, akatuuliza, "Ndugu, baba alisema nini hasa? Alisema ananiita?" Ikatupasa kumwambia kweli: "Hapana. Alisema, mwambie aje nyumbani." Hakututukana. Aliuachia mkono wetu, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Watu husema mjumbe hauawi, na kwa methali hiyo tulijifariji siku nyingi. Lakini moyo haukutulia, maana twajua tulilolifanya. Mzee alimwita mwanawe nyumbani. Sisi tulimpelekea mwito. Maneno hayo mawili yanafanana kwa mtu mwenye haraka, bali kwa mtu aliyekosana na baba yake yana umbali mkubwa kati yake. Tena lile blanketi tuliliona kwa macho yetu, wala hatukuuliza.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wanaosema lawama ni ya msemaji. Shauri lao lina nguvu: msemaji peke yake ndiye ajuaye lililo moyoni mwake, na asipolitoa lote, mwenzake atalipata wapi? Mzee yule alikuwa mgonjwa, lakini hakulitaja neno la ugonjwa. Wako wengine wanaosema lawama ni ya msikiaji. Nao pia wana nguvu: msikiaji peke yake ndiye ajuaye mahali asipoelewa. Msemaji hawezi kuchungulia ndani ya kichwa cha mtu aone kama kuna shimo. Kijana yule alisikia neno moja tu, "anakuita," na mengine yote aliyajaza mwenyewe kwa hofu yake, kisha akayajibu yale aliyoyajaza.

Twaona mashauri yote mawili ni kweli, na shida ni kwamba kila mtu hupenda kulitumia lile linalomlaumu mwenziwe. Akisema yeye, hudai, "Hukunisikiliza." Akisikia yeye, hudai, "Hukunieleza." Kwa njia hiyo twaweza kubishana hata jua lichwe, na neno lililopotea litabaki limepotea.

Mtazameni mama anayempokeza mwenzake mtoto mchanga. Hamtupi. Humnyoshea, naye haondoi mikono mpaka ahisi kwamba mwenzake amemshika. Na yule anayepokea husema, "Nimemshika," ndipo mama aachapo. Kwa kitambo kidogo mtoto yumo katika mikono minne. Akianguka, hakuna atakayeuliza ni zamu ya nani, maana ilikuwa zamu ya wote wawili. Hivyo ndivyo tunavyoona juu ya neno lenye uzito. Msemaji ana dhima nalo mpaka aone limeshikwa. Na msikiaji ana dhima ya kuonyesha analolishika. Kusema "Haya" hakutoshi. Sisi tulisema "Haya" kwa mzee, na mzee alisema "Haya" kwetu, na "haya" hizo mbili hazikubeba kitu.

Mtu asidhani kwamba neno hupotea kwa wenye kukosana tu. Lugha yetu yenyewe, ijapokuwa ni tamu, ina mahali pa kujikwaa, hata kwa watu wapendanao. Neno "kuazima" hutumiwa kwa yule anayetoa kitu na kwa yule anayekipokea. Mtu akifariki, na mjane wake akakumbuka tu kwamba marehemu alisema, "Niliazima shoka," je, shoka lirudishwe kwa jirani, au likadaiwe kwake?

Hali kadhalika neno "ndiyo." Mwuguzi akiuliza, "Je, mgonjwa hajanywa dawa?" nasi tukijibu, "Ndiyo," kwa desturi yetu maana yake ni hii: ndivyo, hajanywa. Lakini mtu aliyezoea Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya aweza kusikia kwamba amekwisha kunywa. Jibu ni moja, na mmoja atampa mgonjwa dawa, na mwingine atamnyima.

Na saa je? Sisi twahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na wengine huhesabu tangu usiku wa manane. Mtu akiandikiwa katika karatasi afike 8:00 asubuhi, naye akaziangalia tarakimu tu, atasoma "saa nane," atafika mchana jua limeanza kugeuka, na kukuta mlango umefungwa. Aliyeandika hakukosa, aliyesoma anajua kusoma, na hata hivyo safari imepotea bure. Neno moja la kuuliza, "Ni saa mbili ya asubuhi, sivyo?" lingaliiokoa.

Hayo ni madogo. Lakini yako mambo makubwa yaliyotokea kwa sababu hiyo hiyo, na moja lapasa kukumbukwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife kilicho chini ya Hispania, ndege mbili kubwa zilikuwa katika uwanja mmoja, moja ya Uholanzi na moja ya Marekani. Ukungu ulikuwa mzito, wala ndege moja haikuweza kuiona nyingine, na watu wa mnara wa kuongozea ndege hawakuziona zote mbili. Rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi alidhani amepewa ruhusa ya kuruka. Mwenzake alitangaza kwa redio kwa maneno ambayo kwao yalikuwa na maana kwamba wanaondoka. Mtu wa mnara aliyaelewa kwamba wako mahali pao tayari, wangoja ruhusa. Akaitikia kwa neno la kukubali, kisha akawaambia wangoje. Lakini wakati ule ule marubani wa ndege ya Marekani nao walisema katika redio kwamba bado wamo njiani, na sauti mbili zikagongana, zisisikike vema. Ndege ya Uholanzi ilikuwa imekwisha kushika mbio. Zikagongana, wakafa watu 583.

Katika habari hiyo liko jambo moja linalotugusa kuliko yote. Fundi wa mitambo aliyekaa pamoja na marubani wa ndege ya Uholanzi alikuwa na shaka. Aliuliza kama ile ndege ya Marekani imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, mtu aliyeheshimiwa sana katika shirika lake, alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Alikuwa ameliona lile shimo, akalionyesha mara moja, akatii.

Baada ya msiba huo kanuni za maneno ya warusha ndege zilikazwa. Lile neno la kuruka liliwekewa mpaka, lisitumiwe kwa jambo jingine ila ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta ruhusa hiyo. Tena ilisisitizwa kwamba anayepewa ruhusa asiitikie kwa "sawa" tu. Sharti ayarudie yale aliyoyasikia, ili aliyesema asikie kama ndivyo alivyosema. Watu hao wana elimu nyingi na vyombo vya thamani, lakini hawaoni haya kurudishiana maneno kama watoto wa shule. Wamejua ni kwa gharama gani.

Hapa twasikia msomaji mmoja akitupinga, naye apinga kwa haki. Asema, "Mambo ya ndege ni mengine. Kwetu kijana hamwulizi mzee mara mbili. Kuuliza tena ni kumwambia mzee kwamba hakusema vema, au kwamba huamini neno lake. Je, mwataka kuivunja heshima?"

Hatutaki. Heshima ni nguzo ya nyumba. Lakini na tuulize, heshima ni nini? Ikiwa ni kuitikia upesi ili mzee asichoke na sisi, basi tulimheshimu sana yule mzee wetu. Tuliitikia upesi, tukaondoka na neno lake, tukalivunja njiani. Twadhani heshima ya kweli ni kulihesabu neno la mkubwa kuwa la thamani hata tusikubali kulichukua nusu. Mtumishi akitumwa na fedha huzihesabu mbele ya aliyemtuma, wala hakuna anayeona kuhesabu huko kuwa dharau. Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia. Nasi twathubutu kuongeza kwamba si utovu wa adabu pia, kukiwa na namna yake.

Namna yenyewe si ngumu. Kama tungalisema, "Baba, nimesikia kwamba nimwambie aje nyumbani. Akiniuliza sababu, nimjibu nini?" tungalikuwa tumemrudishia neno lake, na kumfungulia mlango aseme zaidi akitaka. Huenda angalijibu, "Mwambie sijiwezi." Huenda angalijibu, "Mwambie nataka kumwona tu." Lolote kati ya hayo lingalitosha kumleta.

Walakini mzigo huu usiwekwe juu ya wadogo peke yao. Fundi yule wa ndege aliuliza. Aliyekosa kusikia ni mkubwa wake. Kwa hiyo twawasihi walio wakubwa, baba na mama wa nyumba, walimu, wachungaji, wasimamizi wa kazi, wawatengenezee wadogo njia ya kuuliza. Katika kazi ya uuguzi iko desturi njema inayofundishwa: mwuguzi akiisha kumweleza mgonjwa juu ya dawa, hamwulizi, "Umeelewa?" kwa maana karibu kila mtu hujibu ameelewa. Humwambia, "Hebu nieleze kwa maneno yako utakavyozitumia nyumbani, nione kama nimekueleza vema." Angalieni hekima iliyomo. Anayepimwa hapo ni mwuguzi na maelezo yake. Mgonjwa hana sababu ya kuona haya, na kosa likionekana husahihishwa kabla halijamdhuru mtu.

Tena msemaji ana wajibu wa kutumia lugha ya yule anayemwambia. Martin Luther, alipolitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, alishutumiwa kwa namna alivyotafsiri. Na katika barua aliyoiandika mwaka 1530 alieleza kwamba mfasiri hana budi kwenda kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani, na mtu wa kawaida sokoni, ajue wanavyosema. Alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo, naye hakuona ni aibu kuwafanya watoto wa njiani kuwa walimu wake. Je, sisi tulio na elimu kidogo, tukisimama mbele ya bibi mzee na kumwaga maneno ya ofisini, tumesema naye, au tumejisikiliza wenyewe?

Wako pia wanaolipenda neno lenye pande mbili, kwa kuwa lawafaa. Huahidi kwa namna ambayo kesho waweza kukana. Mwaka 1889 Italia na Uhabeshi walipatana kwa mkataba wa Wuchale, ulioandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitalia. Ibara ya 17, kwa Kiamhari, ilimruhusu Mfalme Menelik kuitumia serikali ya Italia katika kuwasiliana na mataifa mengine akipenda. Kwa Kiitalia ilimfunga afanye hivyo. Waitalia waliushika upande uliowafaa, Menelik akaukataa, na mwisho wake ulikuwa vita ya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambapo Waitalia walishindwa na maelfu ya watu wa pande zote mbili wakafa. Basi mtu akijua kwamba mwenzake amelielewa neno lake vibaya, naye akanyamaza kwa sababu kosa hilo lamfaidia, huyo hawezi tena kujitetea kwamba hakusema uongo. Hakuutamka, ila ameuacha ukae na kuzaa matunda.

Hatusemi kwamba kila neno lirudiwe. Mtu akirudia salamu na masihara na maneno ya barazani atawachosha watu na kuonekana hana akili timamu. Wala aliyefiwa hahitaji kuulizwa, "Je, nimekuelewa vema?" Yeye ahitaji mtu wa kukaa naye. Tunasema juu ya neno lenye uzito: ahadi, fedha, dawa, saa ya kukutana, mpaka wa shamba, ujumbe wa kupelekwa kwa mtu, na hasa neno linalotuchoma moyo. Maana hilo la mwisho ndilo tunalolijibu upesi kuliko yote, na ndilo tunalolisikia vibaya kuliko yote. Kabla ya kukasirika yatufaa kusema, "Ndugu, nimekusikia hivi, je, ndivyo ulivyokusudia?" Ikiwa ndivyo, hasira haitakosa nafasi yake baadaye. Ikiwa sivyo, tumeokoa urafiki kwa gharama ya pumzi moja.

Siku hizi ujumbe wa simu hufika kufumba na kufumbua, na watu wengi hudhani taabu hii imekwisha. Kwa kweli imeongezeka. Katika maandishi mafupi ya simu hakuna uso wala sauti. Na ile alama inayoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, haionyeshi kwamba umeeleweka. Kama mzee wetu angalikuwa na simu ya mkononi, angaliandika, "Njoo nyumbani," na mwanawe angaliweza kusoma maneno yale yale kwa hofu ile ile.

Basi, lawama ni ya nani? Tumelifikiri jambo hili miaka mingi, na jibu letu ni hili: maadamu neno halijashikwa, ni la wote wawili, na yeyote anayeona shaka ndiye mwenye zamu ya kuuliza. Mzee angaliweza kutuuliza, "Utamwambiaje?" Sisi tungaliweza kumwuliza sababu. Kijana angaliweza kutuuliza pale pale kazini kwake swali alilotuuliza kaburini, "Alisema nini hasa?" Watu watatu walikuwa na neno moja mikononi, na kila mmoja alidhani mwenzake amelishika.

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Tungali majirani. Akitutuma kwa mtu, husema neno lake, kisha hungoja. Nasi twamrudishia neno kwa neno kama alivyosema, naye huitikia kwa kichwa, ndipo tuondokapo. Hatujapata kuzungumza juu ya sababu ya desturi hiyo, wala hapana haja.